Kutia Njumu Inayong'aa Gizani Kwenye Mpini wa Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja hutakiwa sana pale pasipo na mwanga: umeme umekatika, au uko ndani ya ngalawa usiku na kamba imejifunga. Vidoa vichache vya rezini inayong'aa kwenye mpini vinatosha kukuonyesha kilipo bila tochi. Mafundi wa pwani wana neno lao la kupachika kitu cha thamani ndani ya mbao: kutia njumu. Kazi hii ni ileile, ila badala ya fedha au shaba unapachika epoksi (rezini inayoganda ikichanganywa na hadena, chupa yake ya pili) yenye unga unaotoa mwanga.

Wengi huhangaika kutafuta unga mkali kuliko wote sokoni. Unga ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kina cha shimo na rangi ya sakafu yake, na hapo ndipo kazi nyingi hufifia hata kabla rezini haijamiminwa.

Kisu cha kuanzia

Mfano wa mwongozo huu ni Opinel namba 8, kisu cha Ufaransa kilichoanzia Savoie mwaka 1890, chenye bapa la sentimita 8.5. Mpini wake ni wa mbao ngumu yenye nyuzi za karibu karibu, bei yake si ya kutisha, na ukiharibu hutalia. Pete ya chuma iliyo shingoni hulifunga bapa likiwa wazi, na kwenye visu vya sasa hulifunga pia likiwa limekunjwa. Kwa hiyo usijaribu kung'oa bapa. Pini yake imegongwa pande zote mbili, na ukishaitoa hairudi kukaza kama mwanzo. Kunja kisu, zungusha pete ifunge, kisha ziba mwanya wote wa bapa kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, tabaka mbili. Rezini ikidondoka humo ndani, kisu hakitafunguka tena bila vita.

Kama kisu chako ni cha aina nyingine, soma sehemu ya mwisho kwanza.

Unga

Unaotakiwa ni wa aluminati ya stronti. Kampuni ya Nemoto ya Japani iliutangaza mwaka 1993, na tangu hapo umeusukuma kando unga wa zamani wa zinki salfaidi, ambao hung'aa vizuri kwa dakika chache kisha hufa. Hauna mionzi. Uvumi wa mionzi ulitokana na saa za zamani zilizopakwa radiamu, metali yenye mionzi, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Wauzaji huchanganya majina, kwa hiyo ujaribu kabla ya kuutumia. Tandaza unga kidogo kwenye karatasi, uweke juani dakika 5, kisha uufungie kabatini. Rudi baada ya saa moja, macho yakiwa yamezoea giza. Aluminati bado itaonekana wazi. Zinki itakuwa imeshalala.

Rangi ya kijani ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ikifuatiwa na buluu ya kuelekea kijani. Nyekundu, chungwa na zambarau huvutia kwenye picha za matangazo, lakini kwenye kidoa cha milimita 4 zitakukatisha tamaa. Chagua punje za mikroni 30 hadi 80. Punje kubwa hung'aa zaidi, ndogo sana hufifia, na ndiyo sababu usiutwange unga huu ukidhani unaulainisha.

Adui wa unga huu ni maji. Punje zisizo na ganda la kinga zikilowa huharibika na kupoteza mwanga. Funga chupa kila ukimaliza kuchota, hasa kama unaishi Tanga, Mombasa au Unguja ambako hewa yenyewe imejaa maji.

Rezini

Chukua epoksi angavu ya kawaida, ile ya kupakia juu ya meza, inayokupa dakika 30 hadi 45 za kuifanyia kazi. Ziko nyingine tatu ambazo watu hununua kwa makosa.

Gundi ya epoksi ya dakika 5 huganda kabla mapovu hayajapanda juu, na baada ya muda hugeuka njano. Rezini ya kumimina kwa kina kirefu imeundwa igande polepole kwa joto lake yenyewe ikiwa nyingi. Ukiiweka tone moja kwenye kishimo, joto halipatikani na inaweza kubaki laini kwa siku kadhaa. Ya tatu ni ile inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno (UV), kama ya kucha. Unga wetu hula mwanga huohuo, kwa hiyo juu huganda na chini hubaki uji. Ukilazimika kuitumia, iweke kwa tabaka zisizozidi nusu milimita, ukikausha kila moja.

Vitu vingine vya kuandaa

- mizani ndogo inayosoma gramu 0.1
- drili na keekee ya mbao ya milimita 4, yenye ncha katikati
- vikombe vidogo vya plastiki na vijiti vya mbao
- rangi nyeupe ya kuchanganya na epoksi, kidogo sana
- spiriti, pamba, glavu za nitrili, miwani ya kazi, na barakoa ya kuzuia vumbi laini (N95 au P2)
- msasa namba 180, 240, 320, 400, 600 na 1000
- bakuli la mchele mkavu

Mchele si utani. Mpini wa mviringo hauwezi kulala sawa mezani, lakini ukiuchimbia kidogo kwenye mchele unakaa pembe yoyote unayotaka na hautikisiki.

Glavu nazo zisidharauliwe. Epoksi mbichi huenda isikuchome siku ya kwanza. Hujenga mzio taratibu, na ukishaupata mwili hausahau.

Kupima na kutoboa

Pima unene wa mpini kwa kalipa (kipimo cha kubana cha unene), toa upana wa mwanya wa bapa, kisha gawa kwa mbili. Mpini wa milimita 20 wenye mwanya wa milimita 2 unakuachia milimita 9 za mbao kila upande. Kina tunachotaka ni milimita 2.5, kwa hiyo ubavuni kuna nafasi tele. Mgongoni usiguse bila kupima, maana sakafu ya mwanya inaweza kuwa karibu kuliko unavyodhani. Kaa pia angalau milimita 15 mbali na pete, kwani mbao ya shingoni imepunguzwa ili chuma kikae.

Kwa mara ya kwanza, chagua vidoa badala ya mistari mirefu. Mpini wa Opinel umepinda, na rezini iliyo kwenye mfereji mrefu hukimbilia mwisho ulio chini: upande mmoja unafurika na mwingine unabaki mtupu. Vidoa 9 vya milimita 4 vilivyopangwa kufuata mkunjo wa mpini vinapendeza na havikimbii popote. Bandika tepu ubavuni, chora juu yake, na toboa ukiwa umeiacha. Tepu huzuia mdomo wa shimo kumeguka.

Usiondoe vanishi ya kiwandani bado. Hiyo ndiyo ngao yako. Bila vanishi, rezini inayofurika huzama kwenye nyuzi za mbao na kuacha kivuli kuzunguka kila kidoa, na kivuli hicho msasa haukitoi kirahisi.

Funga kipande cha tepu kwenye keekee, milimita 2.5 kutoka kwenye bega la makali yake (siyo kutoka kwenye ncha), kiwe alama ya kusimama. Bana mpini kwenye jiliwa kwa vipande vya ngozi au mpira, toboa kwa mwendo wa taratibu, drili ikiwa wima. Kuta za shimo zikiwa wima au zimepanuka kidogo kuelekea chini, rezini hukaa kama jino. Zikiwa zimelala kama bakuli, njumu inaweza kuchomoka siku kisu kitakapoanguka sakafuni. Kwa hiyo pitisha ncha ya kisu kidogo chini ya kuta, ukikwaruza mduara mwembamba kwenye kona ya sakafu.

Puliza vumbi, pangusa kila shimo kwa pamba yenye spiriti, acha likauke nusu saa. Mafuta ya aina yoyote yasifike hapa kabla ya rezini.

Kuchanganya

Hesabu ya ujazo inashangaza. Vishimo 9 vya namna hii havijai hata robo ya mililita ya mchanganyiko wenye unga. Kishawishi ni kupima gramu 3 tu za rezini ili usipoteze, na hapo ndipo kazi hubaki nata. Chukulia chupa inayotaka rezini 2 kwa hadena 1 kwa uzito. Ukipima gramu 2 kwa 1, kosa la gramu 0.1 la mizani ni asilimia 10 ya hadena yote. Ukipima gramu 8 kwa 4, kosa lilelile ni asilimia 2.5, na epoksi italivumilia. Changanya gramu 12 kila mara. Inayobaki imimine kwenye vifuniko vya chupa upate vidani vya funguo.

Soma pia kama uwiano ulioandikwa ni wa uzito au wa ujazo. Rezini ni nzito kuliko hadena, kwa hiyo 2 kwa 1 ya ujazo siyo 2 kwa 1 ya mizani. Na usiongeze hadena ukitaka igande haraka. Epoksi si ugali kwamba ukiongeza unga unakaza. Hadena iliyozidi hukosa ya kushikana nayo na kuiacha kazi laini milele.

Koroga dakika 3 polepole ukikwangua kuta na chini. Hamishia kwenye kikombe kingine, koroga dakika 1 zaidi. Kilichong'ang'ania kuta za kikombe cha kwanza hakikuchanganyika, kiache hukohuko.

Tabaka tatu, upande mmoja kwa siku

Tabaka la kwanza ni la kuziba na kuweupisha. Kwa kijiti cha meno paka rezini tupu kwenye kuta na sakafu ya kila shimo. Mbao ina hewa ndani yake, na usipoiziba hewa hiyo itatoka baadaye kama mapovu katikati ya njumu yako. Kisha chukua gramu 2 za rezini ileile, tia rangi nyeupe kiasi cha ncha ya kijiti, na dondosha kidogo sakafuni, unene wa theluthi ya milimita. Mwanga wa unga hutoka pande zote, na ule unaokwenda chini kwenye mbao ya kahawia humezwa. Sakafu nyeupe huurudisha juu. Usije ukachanganya rangi nyeupe na unga wenyewe: nyeupe ya titani hunyonya mwanga wa urujuanimno ambao unga unauhitaji, na pia huziba ule unaotoka.

Subiri saa 4 hadi 6. Rezini iwe imeshika, ukigusa kwa glavu inanata kidogo lakini haichomoki. Tabaka linalofuata likiwekwa wakati huu huungana nalo kabisa. Ukichelewa hadi kesho yake si msiba: kwaruza kwa msasa 240 na upanguse kwa spiriti.

Tabaka la pili ndilo lenye unga. Changanya gramu 12 nyingine, chota gramu 2 uweke kwenye kikombe cha pembeni, na uzitie jumla ya gramu 1 ya unga, ukiigawa kwa mara tatu na kukoroga kila mara. Tumia mbao au plastiki, siyo kijiko cha chuma. Punje hizi ni ngumu, hukwangua chuma, na rangi hugeuka kijivu mbele ya macho yako. Uwiano huu wa 2 kwa 1 ni mzito kuliko ule wa 3 au 4 kwa 1 unaotosha kwenye vitu vinene, lakini kwenye kina cha milimita 1.5 unalipa.

Sasa usikimbilie kumimina. Unga una uzito zaidi ya mara tatu ya rezini na huzama. Ukimimina rezini ikiwa nyepesi kama maji, baada ya saa moja punje zote zimelala chini na nyingine zimebaki kwenye kikombe. Subiri hadi mchanganyiko uvutike kama asali, koroga upya, ndipo uweke tone tone kwa kijiti cha meno. Ukifanya kazi Dar es Salaam mwezi wa Februari asali hiyo hufika haraka, pengine nusu ya muda ulioandikwa. Nairobi au Iringa mwezi wa Julai itachelewa sana. Ziweke chupa zote mbili ndani ya mfuko kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 kabla ya kuanza, bila maji kuingia.

Jaza hadi ibaki karibu nusu milimita kufika juu. Chomoa mapovu kwa sindano. Moto wa kiberiti cha gesi ukipita juu kwa nusu sekunde huyapasua pia, ila usitulie mahali pamoja, vanishi huchemka.

Baada ya saa 4 hadi 6 weka la tatu, rezini angavu tupu, hadi ivimbe juu ya mpini kama tone la umande. Hili si la urembo. Ukipiga msasa moja kwa moja kwenye unga unapasua punje, na punje zilizo wazi hukutana na jasho na mvua. Tabaka angavu ndilo paa.

Funika kwa boksi lisilogusa kazi, acha hadi siku ya pili, kisha geuza kisu na uanze ubavu wa pili. Kutaka kufanya pande zote mbili kwa mpigo ni kutafuta rezini kwenye mchele.

Msasa

Ngoja saa 48 tangu tabaka la mwisho. Kabla ya kugusa msasa angalia kama juu kuna utando unaoteleza kama nta. Kwenye unyevunyevu wa pwani hadena hutoa ukoko huo, na ukiusaga unajaza msasa na kuchafua mbao. Upanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha kausha mara moja.

Ondoa uvimbe kwa tupa laini hadi ukaribie mbao, kisha msasa 180. Mpini ni mviringo, kwa hiyo weka kando kibao cha msasa. Kitakuachia sehemu tambarare. Kata msasa vipande vyembamba virefu na uvute huku na huku kama anayeng'arisha kiatu. Vanishi ya kiwandani itaondoka hapa pamoja na matone yote yaliyofurika. Panda 240, 320, 400, 600, na 1000 juu ya vidoa tu. Ukiona kidoa kimepoteza ung'avu na kuwa kama chaki, umefika kwenye unga: simama, pangusa, rudishia rezini angavu.

Piga msasa mkavu. Msasa wa maji hung'arisha vizuri zaidi, lakini mpini wa Opinel ukilowa huvimba, na bapa hubanwa kwenye mwanya wake hadi mbao ikauke. Usikandamize pia, rezini ikipata joto hulainika na kuziba msasa.

Mwishoni paka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba 3, siku moja kati ya kila tabaka. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Mwanga utakaoupata

Dakika 5 hadi 10 za jua, au nusu dakika ya tochi ya urujuanimno ya nanomita 365 hadi 395, hujaza unga. Tochi ya simu hufanya kazi pia, polepole zaidi. Taa ya njano haifui dafu. Nusu saa ya kwanza ndiyo ya fahari. Baada ya hapo mwanga hushuka upesi, kisha hubaki hafifu kwa saa nyingi, wa kuonwa na macho yaliyozoea giza. Kisu kilicholala mfukoni siku nzima hakina kitu. Kiweke dirishani.

Mipini mingine

Visu ambavyo ubavu wa mpini hufunguliwa kwa skrubu vina njia rahisi kuliko hii yote. Fungua ubavu, toboa hadi upande wa pili, kisha ulaze uso chini juu ya kioo kilichobandikwa tepu laini ya kufungia maboksi, ambayo epoksi haiishiki. Miminia kwa nyuma: kwanza tabaka jembamba angavu, kisha la unga, mwisho jeupe. Hapa uzito wa unga unakufanyia kazi, kwa kuwa punje zinazama kuelekea usoni mwa mpini. Kama ubavu ni wa bamba la G10 au Micarta, vumbi lake ni la nyuzi za kioo au kitambaa na rezini. Barakoa ni lazima, na msasa wa maji unafaa.

Pembe na mfupa hupokea njumu vizuri. Plastiki laini za jamii ya ndoo na madumu hazishikani na epoksi kabisa, hivyo kona ya chini ya shimo lazima ichimbwe kwa ndani ili rezini ijifunge. Kwenye mpini wowote wa plastiki, safisha kwa sabuni, siyo kwa asetoni. Baadhi yake huyeyuka.

Kidoa kikikwaruzika baada ya miezi, msasa 600 na tone moja la rezini angavu hukirudisha. Kikifubaa kwa kuachwa juu ya dashibodi ya gari juani, ambako rezini hulainika na kugeuka njano, toboa upya na uanze na sakafu nyeupe.